Ingia, Ufunge Mlango

Unacheka. Cheka tu, meno unayo. Nimebisha hodi kwako, mwanangu, nikasimama juani na goti langu hili bovu, na wewe umeinamia simu, hata shingo hukuinua, ukapaza sauti: "Karibu! Ingia, ufunge mlango, vumbi linaingia!" Hukuuliza ni nani. Hukuja kutazama. Nilipokataa kuingia mpaka uje unione kwa macho yako, ukadhani ni kiburi cha uzee. Ukasema, "Shangazi naye! Kwani wewe mgeni?" Mimi si mgeni. Lakini swali lako ni zuri kuliko unavyojua, na nitakujibu kabla sijaondoka.

Halafu hata sijakaa vizuri umeanza kumshtaki mkeo. Kwamba mlango wenu unakwaruza sakafu tangu mhamie, na mara tatu umetaka kuuranda, na mara tatu amekushika mkono akalia. Kwamba chumbani hataki kitasa, sufuria anaziacha wazi nzi wanajihudumia, na wewe ukifunga kabati yeye hulifungua. "Shangazi, ana nini huyu? Mlinificha ugonjwa?" Hana ugonjwa. Ana kumbukumbu. Hajakusimulia kwa sababu alijua utafanya ulichofanya sasa hivi nilipotaja jini. Yuko kazini hospitali mpaka jioni, kwa hiyo nitasema mimi. Na uache hicho kicheko mlangoni, maana leo kinaweza kutugharimu.

Babu wa mkeo alikuwa seremala. Alifika mji ule na sanduku moja la vifaa begani, akajenga karakana mbele, barabarani, na vyumba vya kulala nyuma. Alitengeneza vitanda, viti, hata majeneza, lakini sifa yake ilikuwa milango. Watu walimwita Kimya. Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo umejaa misumari. Asubuhi huchota misumari kiganja kizima, akaipanga midomoni vichwa vikiwa nje, kisha huichomoa mmoja mmoja akigonga. Mpaka mchana hawezi kusema hata "ee". Sasa mteja akija, nani amjibu?

Alikuwa na binti wa miaka saba aliyezaliwa na ulimi kabla ya miguu. Kimya akamkalisha kwenye gogo pembeni ya meza ya kazi, awe anasema badala yake. Kimya akiinua nyusi, binti husema, "Fundi anasema urudi Ijumaa." Kimya akitikisa bega, binti husema, "Fundi anasema hiyo mbao uliyoleta imeliwa na mchwa, mpelekee aliyekuuzia." Watu wakamwita Mdomo. Walipita barabarani wakiuliza, "Mdomo wa Fundi yupo leo, au tuongee na nyundo?" Na mtu akibisha, yule mtoto hakuwa na haja ya kugeuza kichwa. Aliimba kwa pumzi moja, kama kasuku: "Karibu! Ingia, ufunge mlango!" Kufunga ilikuwa lazima, maana upepo ukiingia hupeperusha vumbi la mbao, na vumbi likitua kwenye vanishi mbichi, kazi ya siku mbili imekwenda na maji.

Basi siku moja, saa sita mchana. Ndiyo, mchana. Nyinyi mnapenda kuyapangia majini zamu za usiku kama walinzi. Mchana kweupe, Kimya alikuwa amemaliza mlango, umelala juu ya meza, haujatiwa bawaba wala kitasa. Mbao zake nyekundu nzito zilitoka kwenye jengo la zamani lililobomolewa, na hakuna aliyejua lilikuwa la nani. Kimya alikuwa kwenye kona akinoa kisu cha randa. Mdomo alikuwa amekaa kwenye gogo akijisukia mkufu wa maranda. Ikabishwa: ngo, ngo, ngo.

"Karibu!" akaimba, macho kwenye mkufu. "Ingia, ufunge mlango!"

Mlango wa karakana haukufunguka, kwa sababu ulikuwa wazi tangu asubuhi. Pale mlangoni palikuwa na jua tupu. Kimya akageuka taratibu, misumari imemsimama midomoni, na hakutazama mlangoni. Alitazama mezani. Aliyebisha alibisha kutoka chini ya mlango uliolala, mlango ambao bado haukuwa na nyumba, hauna ndani wala nje.

Kimya akatema misumari yote kwa mpigo. "Nani kakuambia ujibu?"

"Si wewe? Si mimi ndiye mdomo wako?"

Kimya akasogea mezani. Akauinua ule mlango akauegemeza ukutani. Chini yake palikuwa na vumbi la mbao limelala laini, isipokuwa mahali pamoja palipobonyea, kama pa mtu aliyekuwa amejilaza hapo kisha akainuka kwa kiwiko. Kimya akachukua ufagio, akafagia, akarudisha misumari mdomoni. Neno hilo halikutajwa tena. Huko ndiko kulikuwa kukosea kwetu: tulidhani kilichofagiliwa kimetoka.

Aliyeagiza ule mlango alihama mji kabla ya kuuchukua, Kimya akauweka kwenye karakana yake mwenyewe. Na tangu hapo kazi zake zikawa hazina mfano. Watu walisema mlango wa Kimya ukifungwa, hata sisimizi lazima abishe hodi. Alisifiwa, akasifika, akaamini ni mikono yake.

Mdomo akakua, akaolewa, akaenda zake. Mdogo wake wa kiume akashika kazi, na huyo wakamwita Randa, kwa sababu hata akiongea na wewe alikuwa anakulainisha. Ndiye baba mkwe wako. Siku moja mchana Kimya aliingia karakana akajifungia. Wakamwita kula, kimya. Hiyo haikuwa ajabu. Wakasukuma mlango, na hapo ndipo wakaona kwamba kati ya mlango na mwimo wake hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha unywele. Shoka liligonga likarudi. Mwishowe walibomoa ukuta. Kimya alikuwa amekaa kwenye gogo la binti yake, misumari imepangwa midomoni vizuri, macho amefumba, na kucha zake nne zilikuwa zimebaki kwenye ubao wa mlango, upande wa ndani.

Watu wakasema moyo. Daktari akaandika moyo. Mdomo alikuja mazikoni, akaziona zile kucha, akakumbuka ngo, ngo, ngo, akanyamaza. Katika maisha yake yote, siku hiyo moja tu mdomo wake uligoma kufanya kazi.

Lile tundu la ukutani lilikaa miaka ishirini. Randa aliliziba kwa bati bovu, jua likaingia, paka wakaingia, mvua ikaingia, na yeye akafanya kazi humo bila dhara lolote. Sasa najua kwa nini. Kilichoambiwa kufunga kitafanya nini kwenye nyumba yenye shimo la kupita ng'ombe? Kilikaa kikasubiri. Lakini mtu akipata nafuu hutaka kupendeza. Randa akajenga ukuta upya kwa tofali, akatia mlango mpya wa karakana, na ule wa zamani, kwa kuwa ni dhambi kutupa mbao ya namna ile, akaufungua kwenye bawaba zake akaupeleka kuwa mlango wa mbele wa nyumba yake. Mkeo alikuwa na miaka kumi na tisa. Barua yake ya chuo cha uuguzi ilikuwa imefika, alitakiwa kuripoti Jumatatu ya mwezi unaofuata.

Ilianza na kitu kidogo. Mlango wa jikoni ulikuwa unakwaruza sakafu miaka kumi na miwili. Unajua nyumba ya seremala ndiyo yenye viti vibovu. Asubuhi moja wifi yangu, mama mkwe wako, aliusukuma, ukaenda kama siagi.

"Haleluya!" akamwambia mumewe. "Miaka kumi na miwili nalalamika, leo bwana fundi kakumbuka ana mke."

"Kakumbuka nini?"

"Si umeuranda mlango?"

"Mimi? Sijaugusa."

"Basi umejiranda wenyewe." Wakacheka wote wawili. Mkeo ndiye aliyeinama, kwa kuwa alikuwa na ufagio mkononi, akaokota maranda chini ya mlango. Yalikuwa membamba kama ganda la kitunguu, yamejikunja vizuri, na yalikuwa na joto.

Baada ya hapo ikaja harufu. Harufu ya mbao mbichi iliyokatwa sasa hivi, na chini yake harufu nyingine, ya chuma na mate, harufu ya misumari iliyokaa mdomoni mwa mtu siku nzima. Wifi alifua mapazia, akasugua sakafu, ikabaki. Kisha sauti ya randa: fyuuu, ikatulia, fyuuu, ikatulia. Saa nane mchana, Randa mwenyewe akiwa amekwenda kununua mbao. Wifi na binti wakasimama jikoni wameshikana mikono wakihesabu.

"Ni baba," mkeo akanong'ona.

"Baba yako yuko sokoni."

"Labda karudi."

"Akirudi huimba. Nyamaza."

Kila mlango uliopitiwa na sauti ile ulianza kukaa vizuri zaidi. Kwanza walifurahi. Mende wakapungua, vumbi likapungua. Kisha wifi akaona kwamba ule mstari wa mwanga unaokaa chini ya mlango haupo tena, chumba baada ya chumba, na kwamba kelele za barabarani, pikipiki na watoto wa shule na yule muuza samaki mwenye filimbi, zinasikika kama zinatoka mtaa wa tatu. Moshi wa jiko ukawa hautoki. Madirisha ya mbao yakagoma. Randa akapiga patasi, akapaka mafuta, akasema ni unyevu, mbao huvimba.

"Unyevu gani, bwana fundi," wifi akamjibu, "na mvua hatujaiona tangu mwezi uliopita?"

"Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

"Fundi ni huyo wa saa nane."

Randa akarudi kwenye patasi yake. Alikuwa ameshaona, na mtu mwenye kazi yake akiona kazi imemzidi hunuka woga kwapani.

Ikaendelea. Vifuniko vya sufuria vikakatalia juu ya sufuria, na wali ndani. Droo zikafa. Sanduku la mkeo, alilokuwa amelipanga nguo na lile shuka jipya na barua ya chuo juu yake, likajifunga, na walipojaribu kulifungua kwa bisibisi hawakuona tena mahali pa kutia bisibisi. Lilikuwa kama jiwe lenye mpini. Asubuhi iliyofuata wifi aliamka taya zimegandana, akakaa kitandani akimtazama mumewe, machozi yanateremka na sauti haitoki, mpaka saa tatu ndipo taya zikaachia. Neno la kwanza alilosema ni, "Mganga."

Akaja mzee mmoja na mfuko wake, wenyewe walimwita Mzee wa Ubani. Hakuwasha kitu. Alinusa kila mlango kama mbwa, akaufikia ule mwekundu wa mbele, akaweka sikio, akakaa hapo muda mrefu. Alipogeuka uso ulikuwa umembadilika rangi.

"Huyu hana ubaya na nyinyi," akasema kwa sauti ya chini. "Hilo ndilo baya. Angekuwa na hasira ningempoza. Angekuwa na njaa ningempa. Huyu katumwa. Kuna mtu alimwambia aingie afunge, naye anafunga. Hajamaliza."

"Mtoe basi, mzee wangu," Randa akasema. "Chochote unachotaka."

"Simwezi. Wa kutumwa hatolewi na mwingine. Hutolewa na mdomo uliomtuma."

"Aliyemtuma ni baba, na baba amekufa!"

"Kama amekufa, bomoeni nyumba leo." Na hapo mlango wa uani ukasema kri, kwa wembamba, na mzee yule wa miaka sabini akaruka dirisha la mwisho lililokuwa bado limebaki na upenyo, akaacha kandambili moja, na dirisha likajifunga nyuma yake, wenye nyumba ndani. Nasikia mpaka leo hajaifuata.

Wifi akanipigia simu akalia, akanieleza yote mpaka lile neno la mdomo. "Wifi, baba yenu alimpa nani kazi hii? Alimwambia nani?"

Nikamwambia baba hakumwambia mtu. Baba alikuwa na misumari. Mdomo ule ni huu unaokusemesha. Usinikodolee macho, ulifikiri niliitwa Mdomo kwa sababu nina midomo mizuri?

Nilifika kesho yake saa saba mchana. Hodi sikubisha kwanza. Nilisimama mbele ya ule mlango mwekundu nikautazama, na mwanangu, haukuwa tena mlango. Ulikuwa ukuta wenye rangi ya mlango. Barabara nyuma yangu imejaa watu na biashara zao, mtu akanisalimu nikamwitikia, na mbele yangu, ukiweka sikio kwenye ubao, kwa mbali kabisa kama chini ya kisima, ndugu yangu alikuwa anapiga kelele. Alikuwa ametia msumeno. Aliniambia baadaye kwamba msumeno uliingia vizuri, ukakata upana wa kiganja kimoja, kisha mbao ikaanza kujiunga nyuma yake, kama kidonda kinachopona huku kisu kingali ndani, mpaka msumeno ukazibwa, na yeye akabaki ameshika mpini unaotoka kwenye ubao usio na mkato. Na nyuma yake, sakafuni, mkeo alikuwa amelala kichwa kwenye mapaja ya mama yake, kwa sababu kile kitu kilikuwa kimemaliza milango na madirisha na sanduku na sufuria na sasa kilikuwa kinafunga vilivyobaki, kilikuwa kimemfunga macho, kikamfunga kinywa, na wifi alikuwa anakaza vidole kwenye pua ya binti yake akiiweka wazi, pande zote mbili, kama mtu anayezuia pazia lisianguke, na anahisi chini ya vidole vyake nyama laini inasogea, taratibu, bila hasira, bila haraka, kama fundi mzuri.

"Fungua!" nikasema. Ubao haukusogea.

"Nasema fungua! Ni mimi niliyekuambia, sasa nakuambia fungua!"

Nikaona nitamzika mtoto wa ndugu yangu kwa ulimi wangu mwenyewe. Kisha akili ikanirudia. Ilinirudia kama kofi. Huyu ananisikiaje, na mimi namfokea barabarani kama mwendawazimu? Yeye alikuja kwa adabu. Alibisha. Nikainua mkono, nikagonga kwenye ule ubao kama alivyogonga yeye miaka hamsini na tatu nyuma: ngo, ngo, ngo.

"Hodi," nikasema.

Na ikatoka sauti. Karibu kabisa, hapo hapo nyuma ya ubao, mdomo kwa mdomo na mimi. Sauti ya mtoto wa kike wa miaka saba, imekolea furaha, inaimba bila kugeuza kichwa:

"Karibu! Ingia, ufunge mlango!"

Sauti yangu. Ndiyo maneno pekee aliyowahi kufundishwa ulimwenguni.

Mkojo ulinitoka, sikufichi. Nina haya ya mambo mengine, si ya hilo. Nikashika mwimo nikasema polepole, kama unavyomwambia mtoto asiangushe kikombe: "Ahsante. Siingii. Umefanya kazi vizuri, kazi imekwisha. Fungua vyote ulivyofunga. Toka. Twende kwangu."

Nikasubiri. Muuza samaki akapita na filimbi yake. Kisha chini ya mlango ukatokea uzi wa mwanga, ukanenepa ukawa kidole, na ubao mzima ukalia kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala vibaya. Nikasikia ndani binti anavuta pumzi. Umewahi kusikia mtu aliyezama akitolewa majini? Hivyo. Mlango ukafunguka wenyewe, na harufu ya chuma na mate ikanipita usoni, ikasimama nyuma ya bega langu la kushoto.

Sikuingia kuwasalimu. Nikageuka nikaondoka, maana mgeni ukimtoa lazima umsindikize, na huyu hana kwao. Randa akachoma ule mlango siku hiyo hiyo. Mkeo akaripoti chuo Jumatatu, na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki.

Tangu siku hiyo nakaa naye. Miaka sita sasa. Kwangu kuna mapazia tu, na watu wanasema bibi yule hana adabu, hamkaribishi mtu, ukibisha hodi anakuja mpaka kizingitini anakutazama kama ana deni la kukudai. Wacha waseme. Kila asubuhi namwambia, "Kaa. Usifunge kitu." Anakaa. Si mbaya kama jirani wengine. Kuna mama mmoja hapo mtaani, mdomo wake haupumziki, na siku nyingine neno hunifika kwenye ncha ya ulimi. Ninalimeza. Unajua ni kazi kiasi gani kwa mtu kama mimi kumeza neno?

Sasa lile swali lako. "Kwani wewe mgeni?" Mimi si mgeni, lakini nilipobisha hodi kwako sikuwa peke yangu. Na wewe, bila kuinua shingo, ukasema maneno yale yale. Neno kwa neno, mwanangu. Nilikataa kuingia mpaka uje unione, nikitumaini karibu yako itanishukia mimi na si mwingine. Nilipoingia mlango wako ukakwaruza, nikashukuru.

Lakini tangu nikae hapa hujaona kwamba sikutazami wewe. Natazama pale chini ya mlango. Nilipokaa, mstari wa mwanga ulikuwa mpana kama kidole changu. Nilipofika kwenye kifo cha baba ulikuwa kama penseli. Utazame sasa. Mimi macho mabovu, niambie wewe: unauona?

Tulia. Usiguse kitasa. Kaa chini.

Nimeshamwambia, kimoyomoyo na kwa mdomo, mara nne wakati ulipokuwa unacheka. Hanisikii. Safari hii hajatumwa na mdomo wangu. Katumwa na wako. Ndiyo sababu nimekusimulia yote kwa urefu huu badala ya kukuambia sema hivi na hivi. Ungesema huku meno nje, na anayetumwa kwa kicheko anakwenda kwa kicheko. Nilitaka uogope kwanza. Naona sasa tumeelewana. Hilo jasho ni lako, jifute.

Mkeo atarudi jioni kwenye mlango huu. Alishafungwa mara moja. Sitaki mtoto wa ndugu yangu asimame nje usiku akisikia sauti yako nyuma ya ubao inamwambia karibu.

Haya, nenda pale. Gonga kwa ndani, mara tatu. Vizuri. Sasa useme kwa adabu, kama kwa mgeni uliyemheshimu: ahsante, kazi imekwisha, fungua ulivyofunga, toka, nenda na huyu aliyekuja na wewe.

Tena. Sauti inakutetemeka, atadhani humaanishi.

Tena.

Basi. Inatosha, mwanangu. Nipe fimbo yangu. Mwambie mkeo shangazi alikuja, alikunywa chai, ilikuwa na sukari nyingi. Na kuanzia leo mtu akibisha hodi, unainuka kwa miguu yako, unauliza ni nani, unamtazama usoni. Huo ndio ukarimu. Ule mwingine ni uvivu.

Nitatoka, na nitaufunga mlango huu kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe simama hapo, usinifuate, tega sikio kwenye sakafu. Ukikwaruza, lala usingizi wako, na usije ukauranda mpaka unakufa. Usipokwaruza, anza kumwambia tena, na usiache kumwambia mpaka ukwaruze.

Haya. Twende.

Si wewe. Wewe kaa.

Naufunga. Sikiliza.